Malezi ya Watoto: Hatua za Mtoto na Macho ya Mzazi

Wazee wetu walisema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Maneno haya naliyasikia tangu utotoni, na nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misioni naliyaandika mara nyingi kwa mwandiko mzuri, walakini maana yake sikuijua hata nilipopata watoto wangu mwenyewe. Leo nataka kueleza habari ya hatua za kukua kwa mtoto, tangu siku anapokaza shingo hata siku anapokwenda shule. Tena nataka kueleza jinsi mimi, karani ambaye kazi yangu ni kuandika na kuhesabu, nilivyohesabu vibaya nyumbani mwangu. Sioni fahari kuisimulia habari hii, lakini pengine itamfaa mwenzangu.

1. Daftari la nyumbani

Kifungua mimba wetu ni binti. Alipotimiza siku arobaini, nalinunua daftari dogo nikaanza kuandika habari zake kama niandikavyo barua za ofisini. Mwezi wa 3, amekaza shingo. Mwezi wa 6, ameketi pasipo kushikwa, na jino la kwanza limetokea chini. Mwezi wa 8, anatambaa. Mwezi wa 9, amesimama dede huku ameshika kinu. Mwezi wa 11, ametembea hatua nne toka kwa mama yake hata kwangu. Neno lake la kwanza lilikuwa "taa," kwa sababu alizoea kuniona nikiiwasha kila jioni. Nilipoyasoma hayo nalifurahi sana, nikadhani kwamba sasa najua jinsi mtoto anavyokua.

Baada ya miaka mitatu tulipata mtoto wa kiume. Nalilitwaa daftari lile lile, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: upande huu dada, upande huu ndugu yake. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana nalimfanya mtoto mmoja kuwa pishi ya kumpimia mwenziwe.

Kijana huyu aliketi katika mwezi wa 8. Kutambaa kwa magoti hakutambaa kabisa. Alijisogeza kwa matako, mguu mmoja mbele, mpaka nguo zake zote zikatoboka. Hata mwezi wa 13 hakuweza kusimama peke yake. Majirani wakaanza kunong'ona ya kuwa mtoto ni mzito, na mmoja akatushauri tumfukie mchangani hata kiunoni ili miguu ipate nguvu. Mke wangu aliacha kwenda kisimani asubuhi pamoja na wanawake wenzake, alikwenda adhuhuri, wakati wa jua kali, ili asiulizwe, "Je, mwanao amesimama?" Nami badala ya kumtuliza nilimwonyesha daftari, nikamwambia, "Tazama, dada yake umri huu alikwisha kutembea."

Mtoto alitembea katika mwezi wa 16, siku ambayo hapana aliyemngojea. Aliona kuku anaingia jikoni, akasimama, akamfuata.

2. Yaliyopimwa na wataalamu

Baadaye ndipo nilipopata kusoma habari ambayo ingalituondolea huzuni ile. Katika mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, Uhindi, Norwe, Omani na Marekani. Watoto wale walitazamwa kwa muda mrefu, na siku za hatua zao ziliandikwa. Ikaonekana kwamba mtoto mzima huketi peke yake wakati wo wote kati ya mwezi wa 4 na wa 9. Husimama peke yake kati ya mwezi wa 7 na wa 17. Na hutembea peke yake kati ya mwezi wa 8 na mwisho wa mwezi wa 17. Tena katika kila watoto mia, wanne hivi hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, wala haikuwadhuru.

Basi, tazameni jinsi mlango ulivyo mpana. Anayetembea katika mwezi wa 10 na anayetembea katika mwezi wa 16 wote wawili wamepita mlangoni. Aliyetangulia hapati zawadi, wala aliyekuja nyuma hana aibu. Mihogo ya shamba moja haichimbwi yote siku moja.

3. Habari ya jino la juu

Liko jambo jingine lililotokea katika mwezi wa 7 wa kijana huyu. Jino lake la kwanza lilitoka juu. Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, alilitazama akanyamaza, akamfunika mtoto uso kwa kanga yake kana kwamba anakinga jua, na jua lilikuwa limekwisha kuchwa.

Watu wazima wanajua sababu. Zamani watu wengi wa Pwani na wa nchi zilizo karibu nayo walimwita mtoto aotaye meno ya juu kwanza "kigego," wakamwona ni mkosi kwa jamaa zake; na wako watoto waliouawa kwa ajili hiyo tu. Ni neno zito, lakini ni kweli, na lafaa lisemwe ili lisirudi. Meno ya utoto ni 20. Kwa kawaida ya chini hutangulia, mnamo mwezi wa 6 au zaidi kidogo, na yote huwa yamekwisha kutoka mtoto akaribiapo miaka mitatu. Walakini watoto wengine huanza juu, kama vile watu wengine wanavyotumia mkono wa kushoto. Hapana mkosi ndani yake. Kadhalika wako watu ambao, mtoto akipata homa au kuhara, humkata ufizi na kung'oa vijino vichanga wakisema ni "meno ya nailoni." Hiyo si dawa, ni kumwaga damu ya mtoto na kuuacha ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Siku ile nalimwambia mama yangu, tena kwa ukali, "Mama, mambo hayo yamepitwa na wakati. Tafadhali usiseme tena habari za mtoto huyu." Katika habari ya jino nilikuwa na haki. Lakini nalifunga mlango mzima kwa sababu ya upepo uliopita kwenye tundu moja, na hilo lilikuwa kosa langu la pili.

4. Mtoto asiyesikia

Katika mwezi wa 9 masikio ya kijana yalianza kutoa usaha. Tukasema, "Ni meno hayo." Tulimpangusa, ukakoma; baada ya majuma machache ukarudi. Tulizoea, kama watu wazoeavyo paa linalovuja. Katika daftari sikuandika neno, kwa kuwa nalikuwa nikingojea miguu.

Alipotimiza miaka miwili alikuwa akikimbia vizuri, ila alisema maneno mawili matatu tu, na akiitwa haji. Nikasema ni mkaidi. Kila mara nalimwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Jioni moja alikuwa ameketi mkekani amenipa mgongo, anapanga magunzi ya mahindi. Nalimwita aniletee viatu. Nalimwita mara ya pili, na ya tatu. Hakugeuka. Basi nikakata kijiti cha mpera nikamchapa miguuni.

Mtoto aligeuka akanitazama. Mkosaji akichapwa huinamisha macho, maana anajua alilotenda. Huyu hakuinamisha macho. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeangukiwa na tawi njiani.

Mama yangu akasema toka jikoni, "Baba, huyo mtoto hakukusikia."

Nikamjibu, "Hataki kusikia, mama."

Akaja, akasubiri mtoto arudie magunzi yake. Akasimama nyuma yake mahali ambapo kivuli chake hakikufika, akamwita jina lake taratibu. Mtoto hakugeuka. Akaita kwa sauti ya kadiri. Hakugeuka. Akapiga makofi kwa nguvu, ndipo mtoto alipoinua kichwa.

Akaniambia, "Amekuwa hivi tangu masika. Hutazama midomo yetu. Nalitaka kukwambia, lakini wewe ulinikataza kusema habari zake."

Wasomaji, usiku ule nalilifungua daftari. Kurasa zote zilijaa miguu na meno. Habari za masikio hazikuwamo hata mstari mmoja. Mama yangu hajui kuandika, na alikuwa na habari kamili kuliko zangu.

Asubuhi tukamchukua mtoto hospitali. Daktari alitazama akatuambia kwamba viwambo vya masikio yote mawili vimetoboka kwa sababu ya usaha wa muda mrefu. Alitupa dawa ya kutia masikioni, akatufundisha kusokota kitambaa safi, kukiweka sikioni mpaka kimenywa unyevu, kukitoa na kuweka kingine, mara kadha wa kadha kila siku mpaka sikio liwe kavu. Tena maji yasiingie wakati wa kuoga. Alitukataza kutia mafuta, maziwa ya mama au maji ya majani. Kazi ile ilichukua miezi, na aliyeifanya kwa saburi kuliko sote ni bibi yake. Sikio la kulia lilipona. La kushoto linasikia kwa shida hata leo. Maneno yalianza kumjia alipokaribia miaka mitatu, na mojawapo ya maneno ya kwanza lilikuwa "bibi."

Nalimwomba mama yangu radhi mbele ya mke wangu. Mtoto naye nalimwomba, ingawa hakuelewa.

5. Mambo ya kuangalia

Kwa hiyo naona yafaa kila nyumba ikumbuke haya:

(a) Mtoto mchanga hushtuka asikiapo kishindo. Mnamo mwezi wa 6 hugeukia sauti. Mnamo mwezi wa 9 hujua jina lake. Akitimiza mwaka mmoja huwa ana neno moja au zaidi, na akitimiza miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo."

(b) Kumpima ni rahisi. Simama nyuma yake, asikuone wala asione kivuli chako, usikanyage kwa kishindo, mwite taratibu. Rudia siku nyingine kabla ya kukata shauri.

(c) Usaha wa sikio si meno, wala si jambo la kuzoea. Mpeleke mtoto akatazamwe.

(d) Mtoto asiyeketi hata baada ya mwezi wa 9, au asiyetembea hata baada ya mwezi wa 18, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Na mtoto aliyekwisha kuweza jambo, kama kusema au kutembea, kisha akaliacha, asicheleweshwe hata kidogo.

(e) Katikati ya mipaka hiyo, mwacheni mtoto aende kwa mwendo wake. Msimpime kwa dada yake wala kwa mtoto wa jirani.

(f) Kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kutosikia, hakikisheni kwamba anasikia.

6. Neno kwa walimu

Ninyi walimu mna watoto wengi mbele yenu. Huenda yuko mmoja akaaye nyuma, ambaye husema "Eeh?" kila mara, au hutazama daftari la mwenziwe kabla ya kuandika, au hujibu swali lisiloulizwa. Msiseme upesi kuwa ni mjinga au mvivu. Mwiteni akae mbele, semeni naye mkimwelekeza uso, kisha mwambieni mzazi wake.

Kijana wangu sasa ana miaka saba. Jino lake la kwanza la utoto lilipong'oka, lile lile la juu, alilitupa juu ya paa kama desturi ya watoto, na bibi yake akacheka pamoja naye. Kabla ya kumpeleka shule, bibi alimpima kwa kipimo cha zamani, cha kupitisha mkono juu ya kichwa hata kuligusa sikio la upande wa pili. Alipitisha mkono wake wa kulia, vidole vikafika kwenye sikio la kushoto, lile lisilosikia vizuri, akalishika akasema, "Nimefika."

Siku hizi anakaa safu ya mbele. Daftari ninalo bado, walakini nimeufuta ule mstari wa katikati. Na mara moja kila juma, kabla sijaandika neno, namwuliza mama yangu ameona nini.