Luku ya Pampu Ananunua Nani?

Aliyewahi kupanga ghorofani Dar es Salaam anaujua ugomvi huu. Tangi la juu limekauka na pampu haiwaki, luku yake imeisha. Wa chini anasema ni zamu ya wa juu. Wa juu anaapa alinunua wiki iliyopita. Mama wa ghorofa ya tatu amesimama ngazini na ndoo. Luku za ndani kila mtu anazijaza kwa wakati. Ya pampu ni ya wote, kwa hiyo haina mwenyewe.

Namwomba kila anayepanga kujenga aanzie hapo, kabla hata ya kuchagua vigae. Sola ya kwanza iendeshe vitu vya pamoja: pampu, taa za ngazi na uani, geti. Wengi huanza na ndoto ya kuendesha viyoyozi vya jengo zima, wakiletewa bei wanaacha kila kitu.

Chukua jengo la nyumba 12. Pampu ya hospawa moja na nusu hula kama kilowati 1.1, ikifanya kazi saa mbili au tatu kwa siku, ni uniti 3 hivi. Taa 20 za wati 9, tangu magharibi hadi alfajiri, ni uniti 2 na ushee. Paneli sita za wati 500 zinayamudu hayo na kubakiza. Maji yapandishwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa limekaza. Tangi lililojaa ni jua lililowekwa akiba, nalo halidai betri; betri ibaki ya taa. Inveta uichague kwa kuiangalia pampu, maana inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibati chake.

Sasa paa, na hapa nitakaa kidogo. Nilipanda juu ya jengo moja Mikocheni mwezi wa sita, saa sita na nusu mchana. Paneli zilifungwa Januari, zikafanya kazi vizuri, kisha umeme ukapungua, na mwenye jengo alikuwa ameshaambiwa anunue inveta mpya. Pale juu kivuli cha tangi kilikuwa kimelalia paneli mbili za mwisho. Januari, adhuhuri ya Dar, jua liko kusini kidogo mwa utosi, na kivuli huangukia kaskazini. Juni limehamia kaskazini, na tangi lilikuwa kaskazini mwa paneli. Paneli zilizounganishwa kwa mfuatano zikipata kivuli, hata mbili tu, hudhoofisha safu nzima. Inveta ilikuwa nzima.

Kwa hiyo tangi, mnara wa ngazi na chumba cha lifti vichorwe kusini mwa paa, na paneli zikae kaskazini, ziinamishwe nyuzi kama 10 ili mvua izioshe vumbi. Mhandisi naye aambiwe mapema: tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10, na nguzo haziongezwi baada ya zege kukauka.

Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi ndio unaochomwa jioni. Huko peleka vyoo, stoo na ngazi, na nje yake panda miti.

Bustani ipewe vipimo kwenye ramani kama chumba kinavyopewa, la sivyo maegesho yataimeza na pevingi itafunika kilichobaki. Mimi ningepunguza nafasi mbili za magari ili upatikane mkungu mmoja wenye baraza chini yake, mbali na karo la majitaka. Watoto watacheza hapo, wazee watapunga upepo. Maji ya kumwagilia yatoke paani: paa la mita za mraba 300, mvua ya milimita 10, hukupa karibu lita 3,000. Akiba ya masika haitafika mwisho wa kiangazi, basi panda vinavyovumilia ukame, nyasi ziwe kidogo.

Kama utauza nyumba moja moja chini ya sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, andika kwenye nyaraka kabla ya mauzo ya kwanza kwamba paa, matangi, sola na bustani ni mali ya wote. Usipoandika, mnunuzi wa ghorofa ya juu ataona paa ni lake, na wa chini atazungushia bustani uzio.

Ada ya mwezi ihesabiwe mapema pia: ujira wa mtunza bustani, kufuta paneli vumbi wakati wa kiangazi, na fungu la betri mpya. Ianze kulipwa mwezi wa kwanza, hata kama nyumba zenye watu ni mbili tu, na hesabu yake ibandikwe pale ngazini.