Zulia la gari limekauka juu, chini linanuka

SWALI: Fundi, masika haya nimekuta zulia upande wa abiria limelowa chapachapa. Nimeanika gari juani siku mbili na juu pamekauka, lakini ndani kunanuka kama soksi. Nifanyeje?

JIBU: Dada, umekausha manyoya tu. Chini ya zulia kuna sponji nene, na hiyo ndiyo iliyoyashika maji. Kandamiza kwa ngumi. Vidole vikilowa, bado.

Kwanza ujue maji yanakotoka. Gusisha tishu nyeupe. Ikipata rangi na utelezi, na harufu ni tamutamu, hiyo ni kulanti ya hita, mpelekee fundi. Yakiwa safi na kuongezeka ukiwasha AC, mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. Yakija na mvua tu, fungua plastiki ya chini ya wipa. Ukiegesha chini ya mwarobaini, majani huziba njia ya maji pale. Mimi nimewahi kuyachota majani hayo kwa viganja viwili.

Kisha chomoa betri na usubiri dakika kumi kabla ya kugusa soketi za njano chini ya kiti, kwani ni za airbag. Toa kiti, inua zulia, weka chupa tupu chini yake lisirudi. Waombe watu wa kuosha magari wakunyonyee maji kwa mashine, halafu elekeza feni chini ya zulia usiku na mchana, siku mbili au tatu.

Manukato ya kuning'iniza kiooni usinunue kwanza. Yataficha harufu tu, sponji ikiendelea kuoza.