MFUPA NI KITU HAI: UUPE WAKATI WAKE

Ndugu mfanyakazi, ukivunjika mguu chini ya goti, munganga anaunyoosha, anaufunga plasta, anakuambia: «Miezi minne.» Juma la sita maumivu yanapungua. Unafikiri umekwisha kupona. Jirani anakushauri ukate plasta kwa kisu na kurudi kazini. Usimsikilize! Soma kwanza namna mfupa unavyojengwa, nawe utafahamu sababu ya miezi ile.

Mfupa umejengwa na nini?

Wengi wanadhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe, kwa sababu tunauona katika sahani nyama ikiisha kuliwa. Lakini ndani ya mwili mfupa una damu, unakula, unafanya kazi. Umejengwa kama beto yenye vyuma. Nyuzi zake ngumu ndizo vyuma: zinauzuia usipasuke ovyo. Madini yake, hasa kalsiamu na fosforasi, ndiyo saruji: yanaupa ugumu. Hata shaba inahitajiwa ili kufunga nyuzi zile pamoja, lakini kidogo sana. Nayo tunaipata katika maharagi na karanga, si katika vumbi la mgodi.

Katika kila mfupa kuna mafundi wa namna mbili, wadogo wasioonekana kwa macho: hawa wanabomoa sehemu zilizochakaa, wale wanajenga mpya. Kwa mtu mzima, karibu sehemu 1 katika 10 ya mifupa yake inafanywa upya kila mwaka.

Mifupa ya mtoto

Mama, mtoto akiwa tumboni, mifupa yake mingi inaanza ikiwa laini kama sikio. Kisha madini yanaingia kidogo kidogo. Anazaliwa na vipande karibu 300. Vingine vinaungana, na mtu mzima anabaki na mifupa 206. Mkono na mguu vinarefuka mahali palaini karibu na ncha za mfupa. Ujana ukielekea mwisho, mahali pale panakuwa pagumu, na urefu unakoma. Basi mtoto akiumia karibu na kiungo, mpeleke hospitali hata kama uvimbe ni mdogo. Mahali pale pakiharibika, mguu unaweza kubaki mfupi ao kupinda.

Mfupa unaunga namna gani?

1. Siku za kwanza: damu inaganda mahali palipovunjika. Panavimba, panauma. Ndio mwanzo wa kazi.

2. Juma la pili na la tatu: mwili unaweka daraja laini kati ya vipande viwili. Ni kama beto iliyomwagwa asubuhi: umbo lipo, nguvu hazipo.

3. Kuanzia hapo mpaka juma la 12 ao zaidi: madini yanaingia, daraja linakuwa gumu. Maumivu yanapungua mbele ya kazi kwisha. Hapo ndipo wengi wanadanganyika!

4. Miezi mingi, hata miaka: mafundi wanachonga mfupa mpaka unarudia umbo lake.

Mfupa mkubwa wa chini ya goti unataka mara nyingi miezi 3 mpaka 4, pengine zaidi. Kwa mtoto ni upesi kuliko hivyo. Si maumivu yanayoonyesha kwamba mfupa umeunga. Ni munganga, kwa mikono yake na picha ya radio.

Nani wa mgodi atakayeondoa nguzo za mbao siku ileile ya kumwaga beto? Plasta ndiyo nguzo yako. Ukiiondoa mapema, daraja linapinda ao linavunjika, na unaanza tena mwanzo. Pengine utachechemea maisha yako yote. Vilevile usikubali kuvutwa na kusuguliwa mahali palipovunjika: daraja laini linapasuka.

Mambo ya kukumbuka

— Mwenzako akivunjika, usimnyooshe mwenyewe. Funga mbao ubavuni mwa mguu, ipite kiungo cha juu na cha chini. Akiumia shingo ao mgongo, usimwondoe pale, isipokuwa kuna hatari ya kuangukiwa, ita wasaidizi.

— Mfupa ukitoka nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na kwenda hospitali upesi.

— Ndani ya plasta, vidole vikiwa baridi, vikibadili rangi, vikifa ganzi, ao maumivu yakizidi, rudi hospitali saa ileile, hata usiku. Nyama ya mguu inaweza kufa katika saa chache.

— Acha sigara: inachelewesha mfupa kuunga.

— Tikisa vidole kila siku, kama munganga anavyokuonyesha.

— Mama, bukari peke yake haitoshi. Mpe mgonjwa maharagi, mayai, na dagaa pamoja na mifupa yao. Watoto wacheze nje: jua linasaidia mwili kupokea kalsiamu.

Ndugu, kazi itakungoja. Mguu uliounga vibaya haungoji: unabaki vile. Heshimu siku alizokupa munganga, ili urudi kwa miguu miwili yenye nguvu.