Paka Mgeni Aingiapo Nyumbani: Daktari wa Mifugo Ajibu

Mji wa Kale wa Mombasa umewazoea paka mno. Asubuhi samaki wakishushwa karibu na Bandari ya Kale, wao wamekwisha kujipanga ukutani wakingoja vichwa na matumbo. Mazoea hayo ndiyo hutufanya tudhani kumleta paka nyumbani hakuhitaji matayarisho.

Daktari, hapa Kibokoni paka wamejaa vichochoroni. Ya nini kwenda kumchukua kwenye makao ya wanyama?

Paka wa makaoni huwa ameshatazamwa na daktari, na wanaomlea wanamjua: huyu haelewani na watoto wadogo, yule humwogopa mbwa. Shirika la kutunza wanyama la KSPCA, lililoanza mwaka 1910 na lenye makao makuu Karen, Nairobi, limekuwa na tawi hapa Mombasa. Usione vibaya ukiulizwa kama mwenye nyumba ameridhia na nani atamlisha ukisafiri. Ikiwa moyo wako umeshamwangukia yule wa mlangoni, mchukue, lakini apitie kwa daktari kwanza. Kama ni mtoto, usimtenge na mamake kabla ya wiki 8.

Tumemleta jana, kaingia uvunguni na hataki kutoka. Watoto wanalia kwamba hatupendi.

Mama, paka huyo ana hofu tu. Harufu ya udi ni ngeni kwake, sauti za mkokoteni na bodaboda ngeni, na ngazi zenu hajui zaishia wapi. Mpe chumba kimoja, mlango ufungwe. Maji na chakula viwe pembe moja, choo chake pembe ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Beseni pana lisilo na kina, lenye mchanga mkavu au maranda ya seremala, latosha. Kapu alilojia liacheni wazi papo hapo. Lina harufu anayoijua. Asivutwe mguu, asiangaziwe tochi.

Nilipata kumhudumia paka wa madoa matatu aliyekaa uvunguni siku 4 katika nyumba moja ya Mji wa Kale, akila usiku peke yake. Bibi mwenye nyumba hakumwita hata mara moja. Kila alasiri alikaa sakafuni akishona kofia yake, mgongo kaupa kitanda. Siku ya 5 paka alitoka, akanusa uzi, akaugusa kwa ukucha mmoja, kisha akajilaza juu ya ncha ya kanga ya bibi. Bibi aliendelea kushona. Sijaona dawa ya hofu ipitayo hiyo.

Jambo moja lisingojwe: paka mzima akipitisha siku 2 bila kula chochote, mleteni hospitali, kwa kuwa njaa huliharibu ini lake upesi. Mtoto wa paka asisubiriwe hata muda huo.

Anaweza kula mabaki ya pilau na maziwa?

Hapana. Pilau ina vitunguu na thomu, na vyote viwili huharibu damu ya paka. Maziwa huwaharisha wengi. Mpikie samaki au kuku bila chumvi wala viungo, utoe mifupa, na umchanganyie chakula cha paka cha dukani, kwani samaki peke yake hamtoshelezi. Akiugua, usimpe Panadol: kidonge kimoja chaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa nayo usimpake.

Akinywa maji ya udhu? Na mimi nina mimba.

Kuhusu maji, hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu anywe, inajulikana sana kwetu. Kuhusu mimba, mwanangu, mwachie mwengine kazi ya choo cha paka, na kisafishwe kila siku: vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kinyesini huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Hakuna haja ya kumfukuza.

Chanjo na kufunga kizazi, vyote ni lazima?

Naam. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akifika miezi 3. Akikuuma paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ama kizazi, jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, na huibeba kama wiki 9. Watoto wanaotupwa sokoni ndani ya boksi, wengine macho hayajafunguka, hutokana na nyumba zilizosema "tutamfunga mwakani". Hilo hunisikitisha kila msimu.

Lini nimwachie atoke?

Baada ya wiki 3 hivi, akishaitikia sauti yako. Mfungulie jioni kabla hajala, wewe ukae barazani. Muda si mrefu, gonga sahani yake kwa kijiko.