Jua Haki Zako: Usipokonywe Kibali cha Lori Lako Marekani

Ndugu mwenye lori, umepata namba ya USDOT na kibali cha MC kutoka FMCSA, wakala wa serikali kuu ya Marekani unaosimamia magari ya mizigo, na sasa unabeba mizigo ya watu jimbo hadi jimbo. Kibali hicho hakiandikwi tarehe ya mwisho, lakini kinaweza kufutwa, au ukaadhibiwa, ukizembea haya.

Bima: Lori la zaidi ya pauni 10,000 linalobeba mizigo ya kawaida lazima liwe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000. Cheti ulichonacho garini hakitoshi. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo huwasilisha uthibitisho FMCSA. Ikitaka kusitisha bima yako, sheria inaitaka itoe taarifa FMCSA siku 30 kabla. Tumia muda huo kupata bima nyingine, na uhakikishe uthibitisho mpya umefika. Kibali kikifutwa, kukirudisha kuna ada ya dola 80.

BOC-3: Fomu hii hutaja mawakala wa kukupokelea hati za mahakama katika majimbo. Wakala ndiye huiwasilisha. Ukimbadilisha, iwasilishwe mpya.

MCS-150: Fomu hii ya taarifa za biashara yako huhuishwa kila baada ya miaka 2, hata kama hakuna kilichobadilika. Tarakimu ya mwisho ya namba yako ya USDOT huonyesha mwezi: 1 ni Januari, 9 ni Septemba, 0 ni Oktoba. Tarakimu iliyo kabla yake ikiwa witiri, zamu yako ni mwaka witiri. Ikiwa shufwa, mwaka shufwa. Namba inayoishia na 47, basi, mwisho wake ni Julai 31 ya mwaka shufwa. Ukichelewa, namba inaweza kuzimwa na ukatozwa faini.

UCR: Usajili huu hulipiwa kila mwaka kulingana na idadi ya magari. Lipia mwaka ujao kabla ya Desemba 31 kupita.

Jihadhari na barua zenye sura ya kiserikali zinazodai mamia ya dola kwa ajili ya MCS-150. Kuijaza mwenyewe kwenye tovuti ya FMCSA ni bure, na hakuna sheria inayokulazimisha kumlipa mtu wa kati. Ukihama, badilisha anwani mapema, kwani onyo hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa.

Hali ya kibali chako huonekana bure kwenye tovuti ya FMCSA. Ikague kabla ya kupokea mzigo: ukikamatwa barabarani bila kibali hai, lori linaweza kusimamishwa papo hapo.