Mada: Miji na Malengo ya Kupunguza Hewa ya Ukaa

Shabaha ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii unapaswa kuweza:

(a) kueleza hatua ambazo mji hupitia katika kuweka lengo;
(b) kutofautisha aina mbili za malengo ya asilimia;
(c) kutathmini lengo la mji kwa kutumia mfano halisi.

Utangulizi

Ukipewa swali la insha kuhusu mabadiliko ya tabianchi, usikimbilie kuandika kwamba miti ipandwe na viwanda vifungwe. Mtahini amekutana na hoja hizo mara nyingi. Mwonyeshe kwamba unajua jinsi maamuzi yanavyofanywa. Miji ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa ndiko magari yanakosongamana, umeme mwingi unakotumika na taka zinakorundikana.

Siku hizi ni kawaida halmashauri ya jiji kutangaza ahadi kama hii: "Tutapunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 40." Shika jambo moja linalobeba mada yote: asilimia peke yake haitoshi. Kabla ya kuisifu au kuikosoa ahadi hiyo, uliza: ni asilimia 40 ya nini? Kuanzia mwaka gani? Kufikia lini? Na je, mji wenyewe una uwezo wa kuitimiza?

Istilahi muhimu

*Gesijoto:* gesi zinazonasa joto karibu na uso wa dunia. Mifano ni hewa ya ukaa (pia huitwa hewa ya kaboni), inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, petroli na dizeli, na methani inayotoka kwa mifugo na kwenye majaa ya taka.

*Mwaka wa msingi:* mwaka ambao kiwango chake cha gesi hutumiwa kulinganishia miaka inayofuata.

*Usawa wa kaboni:* hali ambapo gesi inayoendelea kutolewa inalingana na ile inayoondolewa hewani au kufidiwa kwa njia nyingine.

Hatua za kuweka lengo

1. *Kuhesabu.* Huwezi kupunguza usichokijua. Tangu mwaka 2014 miji imekuwa na mwongozo wa pamoja wa kuhesabu gesijoto, ulioandaliwa na Taasisi ya Rasilimali za Dunia (WRI) pamoja na mitandao ya miji ya C40 na ICLEI. Mwongozo huo unagawa gesi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni gesi inayotoka ndani ya mipaka ya mji, kama vile moshi wa magari. La pili ni gesi inayotokana na umeme unaotumika mjini, hata kama umezalishwa mbali. La tatu ni gesi inayotoka nje ya mipaka kwa sababu ya shughuli za mji, kwa mfano taka zinazosafirishwa hadi jaa la wilaya jirani.

2. *Kuchagua kipimo cha kulinganishia.* Hapa ndipo penye hesabu inayowachanganya wengi. Tutairejea hivi punde.

3. *Kuchagua kiwango na mwaka wa mwisho.* Mwaka 2018 jopo la wanasayansi la IPCC lilieleza kwamba ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, hewa ya ukaa inayotokana na binadamu ipungue kwa takriban asilimia 45 kati ya mwaka 2010 na 2030, na ifikie usawa karibu mwaka 2050. Ndiyo maana miaka 2030 na 2050 hutajwa sana katika mipango ya miji.

4. *Kugawa kazi.* Usafiri upunguze kiasi gani? Majengo je? Taka je? Lengo lisilogawiwa sekta hubaki kuwa tangazo tu.

5. *Kupima na kutoa ripoti.* Wananchi wasipoonyeshwa takwimu kila baada ya muda, hawawezi kumwajibisha yeyote.

Aina mbili za malengo

Aina ya kwanza hulinganisha na mwaka wa msingi uliokwisha kupita. Aina ya pili hulinganisha na makadirio ya siku zijazo, yaani kiasi cha gesi ambacho kingetolewa kama hakuna hatua yoyote ingechukuliwa.

Mfano wa aina ya pili ni wa nchi, lakini miji nayo hutumia hesabu hiyo hiyo. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na makadirio ya tani milioni 143.

143 × 32/100 = 45.76
143 − 45.76 = 97.24

Basi hata lengo likitimizwa kikamilifu, zitabaki tani milioni 97 hivi. Mwaka 2010 Kenya ilikadiriwa kutoa tani milioni 73. Unaona? Neno "kupunguza" limetumika, ilhali kiasi chenyewe kimeongezeka.

Je, huu ni udanganyifu? La. Nchi ambayo bado inajenga barabara na kusambaza umeme itatumia nishati zaidi. Ahadi yake ni kukua kwa njia safi zaidi. Hata hivyo, msomaji makini hatalinganisha asilimia 32 hiyo na asilimia 32 ya mji wa Ulaya uliotumia mwaka wa msingi.

Mfano halisi: Copenhagen

Mwaka 2009 jiji la Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, liliazimia kufikia usawa wa kaboni ifikapo 2025. Mpango kamili ulipitishwa mwaka 2012. Mwaka wa msingi ulikuwa 2005, na kulikuwa na lengo la kati: kupunguza asilimia 20 kufikia 2015. Lengo hilo la kati lilifikiwa mapema, mwaka 2011.

Nini kilisaidia? Karibu nyumba zote za jiji hupata joto kwa mabomba ya pamoja ya maji moto, hivyo kubadilisha nishati katika mitambo michache kulibadilisha hali ya nyumba nyingi kwa mpigo. Aidha, jiji lilipanua njia za baiskeli na kuwekeza katika mitambo ya upepo.

Hata hivyo, mwaka 2022 jiji lilikiri kwamba halingefikia lengo la 2025. Sehemu kubwa ya upungufu uliobaki ilitegemea mtambo wa kunasa hewa ya ukaa kwenye kiwanda cha kuchomea taka, na mradi huo haukutimiza masharti ya kupata fedha za serikali kuu.

Yapo mafunzo matatu:

- Lengo kubwa huweza kuleta manufaa hata likikosekana, kwani gesi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu.
- Lengo linalotegemea fedha za mwingine ni dhaifu.
- Mipaka ya hesabu hubadilisha jibu. Bidhaa zilizotengenezwa ng'ambo na kutumiwa na wakazi hazikuhesabiwa katika lengo hilo.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Usiandike tu kwamba Copenhagen "ilifaulu" au "ilishindwa". Chagua msimamo, kisha uutetee kwa mwaka na takwimu. Alama zipo katika ushahidi.

Maswali ya marudio

1. Mji A na mji B (miji ya kubuni) kila mmoja ulitoa tani milioni 4 mwaka 2015. Mji A unaahidi kupunguza asilimia 25 ya kiasi hicho ifikapo 2030. Mji B unakadiria kwamba utatoa tani milioni 8 mwaka 2030, na unaahidi kupunguza asilimia 40 ya makadirio hayo. Ni mji upi utakaotoa gesi nyingi zaidi mwaka 2030?

2. Kwa nini umeme uliozalishwa mbali huhesabiwa kwa mji unaoutumia?

3. "Mji uliokosa lengo lake haukupaswa kuliweka." Jadili.

Majibu na vidokezo

1. A: tani milioni 3. B: tani milioni 4.8. Mji B utatoa zaidi, ingawa asilimia yake ndiyo kubwa.

2. Kwa sababu mahitaji ya mji ndiyo yanayosababisha umeme huo kuzalishwa. Usipohesabiwa, mji utaonekana safi kwa kuhamishia moshi wake kwa jirani.

3. Toa hoja za pande zote mbili, kisha uhitimishe. Tumia mfano wa Copenhagen, na usisahau kuuliza: asilimia ya nini?