Valvu Ikikatika, Tafuta Vipande Vyote

Nimefungua injini nyingi hapa Ikuti. Haya nawaandikia ninyi vijana mnaoshika spana sasa, mnaotaka mwenye gari arudi kwenu kwa kuwaamini.

1. Mhoji dereva kwanza

Canter moja ya ndizi ililetwa ikivutwa. Dereva alisikia mlio mmoja mkali, injini ikazima. Nikamwuliza: ulikuwa unapanda au unashuka? Alikuwa anashuka kutoka Isongole kwenda Kiwira, gari limejaa, gia ndogo. Hapo nikajua pa kuanzia. Pampu ya dizeli inaweza kukata mafuta, lakini haizuii magurudumu kuizungusha injini. Raundi zikipita kiasi, springi hazirudishi valvu kwa wakati, na pistoni inazigonga. Basi valvu zote hukaguliwa, hata zile zinazoonekana nzima.

Kwa Hiace za injini ya 3L au 5L, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana ukikatika valvu hugongwa vilevile. Ile taa ya T-BELT huwaka kilomita 100,000 zikitimia, na wapo wanaoizima tu wakaendelea na safari.

2. Usifunge kabla vipande havijatimia

Tulipofungua hedi ya ile Canter, kichwa cha valvu ya hewa kilikuwa kimejikita juu ya pistoni ya tatu. Mwenye gari akapumua: "Fundi, tumekiona." Nikavipanga vipande kwenye sinia mpaka vikaleta umbo la valvu. Ukingo mmoja ukabaki na pengo. Kipande chake tulikikuta silinda ya kwanza, nami nilishangaa kweli.

Njia yake ni hii: valvu ya hewa ikipoteza kichwa, mlango haufungi tena. Pistoni ikipanda inarudisha hewa na vyuma hadi kwenye manifoldi, na silinda nyingine inavivuta. Ikiwa ni valvu ya moshi, vipande hukimbilia ekzosi, na kama kuna turbo, mapanga yake ndiyo yanayopigwa. Kwa hiyo manifoldi ishushwe, ioshwe, itazamwe kwa tochi. Sumaku husaidia, ila vipande vya pistoni ni aluminiamu, haivikamati.

3. Pima kimo cha pistoni

Siku hiyo ndizi zilikuwa zinaiva, kila mtu ana haraka, na kijana wangu alitaka tuvalishe pistoni mpya twende. Nikamwambia azungushe krenki kwa mkono, kila pistoni ifike juu kabisa, apime. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko wenzake: konrodi imepinda, na kwa macho ilionekana imenyooka. Konrodi ya namna hiyo hula pistoni mpya na beringi pamoja. Kisha pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukinasa, mkwaruzo huo hauondoki kwa msasa.

4. Oili

Imwage kwenye beseni safi. Kata chujio, tandaza karatasi yake juani. Ukiona chembe za rangi ya shaba, fungua beringi.

5. Hedi

Ilaze ubavu, valvu zikiwa zimefungwa, ujaze mafuta ya taa kwenye milango. Yakivuja upande wa valvu, valvu haikai vizuri. Lakini ufa unaoingia njia ya maji hayauoneshi. Hedi iliyopigwa hivyo ipelekwe Mbeya ikapimwe kwa presha, hata kama mwenye gari ananung'unikia nauli.